Mama Nelly na maboksi thelathini na moja ya michezo ya zamani

Jua halijakaa sawasawa juu ya mabati ya soko mjini Kahama, na tayari wanawake saba wamelizunguka belo moja kana kwamba ndani yake kuna ndugu yao. Justa Magesa anapiga goti. Anakata mkanda wa kwanza kwa kisu cha jikoni, anakata wa pili, na belo linapumua. Harufu ya vumbi, mpira wa zamani na sabuni ya ng'ambo inapanda.

"Mikono nyuma, jamani! Mikono nyuma!" anasema bila kuinua kichwa. "Mtoto hajatoka, mnamvuta masikio."

Ni belo la midoli. Dubu wa manyoya wanamwagika kwanza, kisha magari ya plastiki, kisha mwanasesere mmoja asiye na kiatu. Wachuuzi wenzake wananyakua, wanapima kwa macho, wanarudisha, wanabishana bei. Yeye hayuko huko. Mkono wake umeingia chini kabisa, kwenye pembe ya belo, na umetoka na boksi bapa la karatasi ngumu lililofungwa kamba.

Analiweka sikioni. Analitikisa polepole.

"Mama Nelly anapiga simu Ulaya," anatania Salome, muuza midoli wa meza ya jirani. "Waulize wanasemaje huko."

"Wanasema kete nne zipo, na moja ni ya bati."

Anafungua kamba. Kete nne. Tatu za mbao, na ya nne ni kiaskari cha bati aliyepoteza bunduki yake. Salome anapiga makofi. Justa ananusa ndani ya boksi, maana boksi lenye ukungu, anasema, hunuka kama kibuyu kilichofungwa na maziwa ndani. Hili halinuki. Analifunga tena, anatoa shilingi elfu mbili kwenye mfuko wa kushoto wa aproni, ambao ni wa nyumbani, anaziingiza kwenye mfuko wa kulia, ambao ni wa biashara. Amejiuzia.

Justa ana miaka arobaini na tisa. Anauza midoli ya mitumba kwa miaka kumi na saba sasa, Jumatatu hadi Alhamisi sokoni, Ijumaa kwenye minada ya upande wa Ushetu. Belo moja humgharimu shilingi laki nne na ishirini elfu. Siku nzuri humwachia elfu thelathini, siku mbaya elfu sita, na siku ya mvua haimwachii kitu ila matope. Kwa biashara hiyo anamsomesha bintiye Nelly chuo cha uuguzi, akisaidiana na mumewe, Donatus, ambaye ni fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwenye machimbo ya Nyarugusu mkoani Geita.

Lakini kuna kitu ambacho hakiuzi. Chumbani kwake, juu ya kabati la nguo na chini ya kitanda, yamepangwa maboksi thelathini na moja ya michezo ya ubao ya zamani, ile inayochezwa kama ludo: njia yenye vyumba, kete ya kila mchezaji, na namba ya kukuambia usogee hatua ngapi. Wala si kila mchezo wa zamani anaoutaka. Anataka ile tu iliyochorwa midoli: dubu, treni, farasi wa mbao, wanasesere wenye magauni, askari wa bati waliosimama mstari.

"Donatus ananiambia, wenzako wanaleta dhahabu nyumbani, wewe unaleta makaratasi," anasema huku akicheka. "Namjibu, dhahabu yako umeileta lini? Wewe unaleta vumbi la karasha kwenye mashuka yangu."

Maradhi haya, kama mumewe anavyoyaita, yalimpata akiwa na miaka saba. Walikuwa wakiishi kijijini Ushetu, wakilima tumbaku. Shangazi yake, Eufrasia, alikuwa yaya kwa familia ya wageni kule Mwadui, kwenye nyumba za kampuni ya almasi. Familia ile ilipofungasha kurudi kwao, shangazi alipewa sufuria mbili, blanketi na boksi moja jekundu. Krismasi ile akaja nalo kijijini.

"Tulifungua tukakuta ubao, na kwenye ubao kuna duka. Duka zima la midoli, shelfu juu ya shelfu," anasimulia Justa. "Mimi mdoli wangu ulikuwa gunzi la mahindi, na nywele zake ni zile ndevu za mahindi. Sasa ghafla duka zima limelala sakafuni kwetu. Nilishika yule mwanasesere kwa kidole, nikafikiri atahisi."

Hakuna aliyejua mchezo wenyewe unavyochezwa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, na shangazi alijua Kiingereza cha jikoni tu. Basi watoto wakaucheza kama isolo, bao la Kisukuma. Wakapanga mbegu kwenye vyumba vya ubao, wakazungusha, wakalana.

"Miaka mitatu tumecheza hivyo. Kaka zangu walinila mpaka nikalia. Na bado nakwambia ulikuwa mchezo mtamu."

Mchwa walilimaliza boksi lile masika moja. Justa akakua, akamaliza darasa la saba, akaolewa, akaingia sokoni. Katika belo la tatu la maisha yake, akiwa amepiga goti kwenye matope, mkono ukatoa boksi jekundu. Alipofungua akaona treni ile ile, shelfu zile zile, mwanasesere yule yule.

"Nilikaa chini. Watu wakadhani nimeumwa na nge. Salome akaja na maji. Nikamwambia, sijaumwa, nimekutana na mtu wa nyumbani."

Kuanzia siku ile hakuacha kutafuta. Na kwa kuwa boksi la mtumba huja pungufu, akaanza kujiuliza: lilikuwa na nini lilipokuwa jipya? Jibu lilimjia likiwa limebeba karanga.

Ilikuwa stendi ya mabasi. Alinunua kifuko cha karanga cha shilingi mia mbili, akala, na alipotaka kutupa karatasi akaona picha ya ubao wa mchezo, rangi zake kamili. Akarudi mbio.

"Mama, ukurasa huu umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye kitabu," alijibu muuza karanga. "Unataka karanga au unataka kusoma?"

Lilikuwa dude la kitabu, zito kama tofali, lililopatikana kwenye mzigo wa vitabu vya mtumba vinavyouzwa kwa kilo. Kilikuwa kitabu cha michezo ya zamani ya watoto wa Ulaya, kila mchezo na picha yake: ubao, boksi, kete na kila kilichokuwemo. Justa akakinunua kwa shilingi elfu tatu. Kisha akanunua na vifuko vyote vilivyokwisha kujazwa, ili apate kurasa zake. Nyumbani wakala karanga wiki nzima, mpaka Nelly akaomba apumzishwe.

Kurasa kumi na nne hazikupatikana. "Zimeliwa Kahama," anasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusamehe.

Leo ana vitabu vinne vya namna hiyo. Kimoja ni cha askari wa bati peke yao. Kimoja ni cha Kijerumani na hajapata wa kumsomea. Cha nne kina bei, na jirani yake, mwalimu mstaafu Bhoke, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na mbili, alipomsomea kuwa boksi moja kama lake huuzwa huko ng'ambo kwa kiasi cha laki nne za hapa, Donatus alinyanyuka kwenye kiti.

"Sasa tunauza lini?"

"Siku utakapouza karasha," alijibu mkewe, akafunga kitabu.

Maboksi hayakai tu kama vyombo vya harusi. Kwa miaka tisa Justa ni mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kanisa Katoliki, kwenye kigango chao. Kila Jumamosi saa nane mchana, baada ya mafundisho, huleta maboksi matano au sita kwenye fuko la belo, na ukumbi hugeuka. Watoto arobaini hulala kifudifudi sakafuni, makundi makundi. Kelele yake, wanasema majirani, ni kama ya kuku walioona kenge, ila hii ni ya furaha. Kuna watoto wa wakulima, watoto wa wafanyabiashara, na watoto ambao baba zao wako machimboni na hawajaonekana tangu Pasaka. Mtoto anayefika bila salamu hapewi kete.

"Shikamoo, Mama Nelly."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Geuza." Mtoto anageuza viganja. "Umenawa upande mmoja. Rudi."

Mtu akikaa pembeni na kutazama, ataona kitu ambacho mama mwenyewe hakisemi. Mtoto mgomvi humpa boksi lenye vipande vingi kuliko yote, kisha humkabidhi kuhesabu kabla na baada. Katika miaka tisa amepoteza kete tatu tu.

Basi mwaka huu, mwezi wa Juni, furaha ile ilikaribia kuzimwa.

Maboksi mengi ya Justa yalikuja bila dadu. Yeye akaona kuwa wenyewe huko walizipoteza. Akaenda duka la vitu vya plastiki, akanunua ludo za bei rahisi, akachukua dadu zake akagawia maboksi. Kwa miaka mingi hakuna aliyesema neno. Lakini Jumamosi moja wavulana wawili walitia dadu mbili mfukoni, wakatoka nyuma ya choo cha kigango, wakachora duara mchangani na kuanza kuwekeana karanga. Mmoja akapiga kelele: "Nimekula!" Na aliyekuwa akipita wakati huo ni babu yake, Mzee Ignas, mwenyekiti wa jumuiya.

Mzee Ignas si mtu wa hasira. Ni mkulima wa tumbaku wa miaka sitini na minane, mpole, na kofia yake huivua hata akiwasalimia watoto. Lakini ana jeraha. Mdogo wake Ngusa alikwenda machimboni kijana mwenye ng'ombe, akarudi mtu mzima mwenye shati tu. Dadu zilimmaliza. Mzee Ignas ndiye aliyemfuata, akamkuta amelala juu ya viroba vitupu, akampandisha basi kumrudisha nyumbani.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya jumuiya nyumbani kwa Mzee Makoye, alisimama na kofia mkononi.

"Mama Nelly, sina ugomvi na wewe. Wewe ni mtu wa sala, na watoto wanakupenda. Lakini kamari haiingii kwa mlango, inaingia kwa mchezo. Dadu zikae mbali na kanisa. Na kama michezo yako haiwezi kukaa bila dadu, basi ama michezo itoke, ama tutafute mlezi mwingine. Jumapili ya pili kuanzia hii tutaamua."

Justa alitazama mkeka.

"Kilichoniuma," anasema sasa, "ni kwamba alikuwa na haki. Wale watoto niliwapa dadu mimi. Ningebishana naye nini?"

Kuacha ulezi hakuweza hata kufikiri. Kuyaondoa maboksi pia ilikuwa shida, maana alijua nusu ya wale arobaini wangeondoka nayo, na vibanda vya mashine za kamari havipo mbali na kigango. Akampigia Donatus.

"Rahisi," alisema Donatus, karasha ikiunguruma nyuma yake. "Andikeni namba kwenye vikaratasi, mviringe, mtoto achomoe."

Justa akapeleka wazo hilo kwa mwenyekiti. Mzee Ignas akalifikiri kwa adabu, kisha akasema: "Mama, hiyo ndiyo bahati nasibu yenyewe."

Zilibaki siku tisa. Jioni, kabla giza halijaingia, alibeba lile dude la kitabu mpaka kwa Mwalimu Bhoke na kumwomba asome kitu ambacho hawakuwahi kukisoma: maneno madogo yaliyo chini ya picha. Miaka yote walisoma majina na miaka tu. Mwalimu akasafisha miwani kwa kanga.

"Unatafuta nini hasa?"

"Sijui, Mwalimu. Natafuta kama wenzetu nao walikuwa na Mzee Ignas wao."

Mwalimu Bhoke alisoma kurasa sita kimya, akichokoa meno kwa kijiti. Kwenye ya saba akaacha kijiti.

"Justa! Walikuwa naye!"

"Nani?"

"Mzee Ignas! Sikiliza. Hapa wanasema zamani zile, kwenye nyumba za watu wacha Mungu, dadu ilikatazwa, kwa sababu ilikuwa kitu cha walevi na wacheza kamari. Wazazi hawakutaka mtoto aishike. Kwa hiyo waliotengeneza michezo ya watoto hawakuweka dadu. Waliweka pia."

"Pia hii ya kuzungusha?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ya kadi. Ina pembe sita, kila upande namba, katikati tundu la kupitisha kijiti. Unaizungusha, ikilala, upande uliogusa meza ndiyo namba yako. Picha yake hii hapa."

Justa aliinama juu ya picha. Kadi ndogo, pembe sita, tundu katikati. Mwalimu anasema aliona uso wake ukibadilika mara tatu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mimi hivi nimewahi kuwa navyo. Vingi."

"Viko wapi?"

"Nimempa Serafina azungushie uzi."

Serafina ni fundi cherehani, kibaraza chake kiko nyuma ya soko. Vikadi vile vya pembe sita vilipotoka kwenye maboksi, bila vijiti vyake, Justa aliviona na kuvifahamu papo hapo: ni vibao vya kuzungushia uzi. Hata shangazi Eufrasia alikuwa na kimoja kwenye sanduku lake la sindano, kimetoka kwenye lile boksi jekundu la Mwadui. Namba alidhani ni saizi. Kwa hiyo kila alipokipata alimpelekea rafiki yake kama zawadi, na Serafina, akifurahi, alikizungushia uzi.

Asubuhi yake, kabla soko halijachangamka, Justa alikuwa barazani kwake.

"Wangaluka, Serafina," alisalimia kwa Kisukuma. "Naomba vibao vyangu vya uzi."

"Wangaluka, mayu," mwenzake akaitikia, yaani mama. "Vibao gani? Zawadi inarudi?"

"Si vya uzi. Ni pia."

"Pia?" Serafina alimtazama, akatazama kikapu chake. "Yaani miaka yote nazungusha uzi kwenye kitu cha kuzunguka chenyewe?"

Walicheka mpaka mteja aliyekuja kupima suruali akaondoka. Kisha wakakaa chini wakafungua nyuzi: nyeusi, ya kaki ya sare za shule, nyekundu ya mapazia. Kikapuni zilipatikana pia saba. Ya nane ilikuwa imekunjwa chini ya mguu wa cherehani ili isitikisike. Ya tisa ilikuwa kwenye mfuko wa sweta la Serafina, na yeye mwenyewe hakujua imefikaje. Mbili hazikuonekana. Wakachonga vijiti kwa wembe kutoka kwenye njiti za kiberiti, wakavipitisha, na ya kwanza wakaizungusha juu ya meza ya cherehani. Ikasimama, ikavuma kama nyuki, ikalala. Nne.

"Basi utashinda," alisema Serafina.

Jumapili ya uamuzi ilipofika, ukumbi wa kigango ulijaa. Mwalimu Bhoke alikuja na kitabu kwapani, amekifunga kitenge. Mzee Ignas alikaa mstari wa mbele, kofia juu ya goti. Ngusa, mdogo wake, alikaa karibu na mlango kama kawaida yake, mahali pa kutokea upesi.

Justa akatandika ubao mezani. Mwalimu akasoma ukurasa, kwanza kwa Kiingereza ili ionekane, kisha kwa Kiswahili ili ieleweke. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee Ignas hakuguna.

"Mwalimu, ahsante. Hao watu wa zamani walifanya vizuri. Lakini niulize jambo moja. Mama Nelly, pia na dadu si ndugu? Zote zinataja namba."

"Ni ndugu, mzee," alisema Justa. Hakutaka kudanganya ndani ya kigango.

"Sasa tofauti yake iko wapi? Hawa watoto watashindwa nini kwenda nayo nyuma ya choo?"

Jibu hili halikutoka kwenye kitabu. Justa anasema lilitoka mezani kwa Serafina, alipoona jinsi pia ile inavyotaka kubembelezwa.

"Mzee, dadu unaitupa popote. Kwenye mchanga, kwenye majani, hata kwenye kiganja, itakupa namba. Hii ya kadi haiwezi. Inataka meza iliyonyooka, inataka watu watulie wasiitingishe. Ukienda nayo mchangani inalala kabla haijaamka."

"Inalala?"

"Inalala, mzee."

Kisha pale mlangoni akacheka mtu. Alikuwa Ngusa, ambaye watu wengi hawajamsikia akisema mkutanoni tangu alipoletwa na lile basi.

"Kaka," alisema, "mimi ng'ombe wangu wote watatu walikwenda kwenye mchanga wa machimbo, usiku na mchana, penye mchanga tu. Ingekuwa kamari ni kwa kitu hicho, tungekaa tunatafuta meza mpaka leo, na ng'ombe wangu wangekuwa zizini."

Ukumbi ukalipuka. Akina mama wakashikana mabega. Mzee Ignas hakucheka. Alisimama, akanyoosha mkono. "Nipe."

Justa akampa pia moja. Mzee akatoka nayo nje, kofia kichwani, na jumuiya nzima ikamfuata mpaka nyuma ya choo. Pale pale alipowakuta wavulana akachuchumaa, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akazungusha. Ikaanguka. Akapuliza mchanga, akazungusha tena. Ikaanguka. Mara ya tatu akamwita Ngusa, aliyewahi kuwa bingwa, ajaribu yeye. Ngusa akaikunja mikono ya shati, akaizungusha kwa vidole viwili kama mtu anayekumbuka wimbo. Ikachimba mchanga, ikakaa.

Mzee Ignas akainuka, akipangusa magoti.

"Imelala," akatangaza.

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Masharti aliyoyatoa papo hapo ni mawili: dadu zote zirudi kwa Mama Nelly azitoe kigangoni, na hakuna mtoto kumwekea mwenzake kitu, hata punje ya karanga. Kisha, kwa kuwa ubao ulikuwa umekwisha kutandikwa na haikuwa adabu kuukunja bila kuchezwa, walimkalisha mezani na binti wa miaka sita, mjukuu wa Mzee Makoye. Binti alichagua treni. Mzee akachagua farasi wa mbao. Alishindwa mara mbili, na mara ya tatu aliomba wabadilishane kete.

Miezi imepita. Jumamosi sasa wanakuja watoto sitini na zaidi, wengine wamefuatana na watoto Waislamu wa majirani, ambao mama zao walipata habari kuwa kuna michezo isiyo na dadu. Serafina anakata pia mpya kwa mkasi wa kitambaa, kutoka kwenye makasha ya karatasi ngumu, akipima kwa ile ya zamani. Maboksi yote thelathini na mbili, pamoja na lile la kiaskari asiye na bunduki, yatakuwa na yake kabla ya Majilio. Ngusa ndiye anayechonga vijiti. Anachonga vizuri, wala hapendi kusifiwa.

Kigango cha Ushetu, huko alikozaliwa, kimemwomba aende na huko. Justa amepanga kuanza Januari, Jumamosi moja kwa mwezi, na maboksi kumi. Donatus ameahidi kutengeneza sanduku la bati la kuyabebea yasilowe, na kwa mara ya kwanza hakusema neno kuhusu makaratasi.

Akiulizwa anataka nini zaidi, Justa anafikiri kidogo, akiendelea kufuta ubao wa treni kwa kitambaa kikavu, kona hadi kona.

"Mimi nataka nizeeke na hivi vitu. Siku moja, Mungu akijalia, mtoto mmoja wa hawa aje na mtoto wake amemshika mkono, aniulize, Mama Nelly, lile la treni bado lipo? Na mimi niwaambie, karibuni, kaeni. Lipo, na vipande vyote vipo."